Antena ya ndani inakata kata? Tafuta sehemu kwanza, busta baadaye

Swali ni lile lile kila wiki, "nimenunua antena nzuri ya bei mbaya mbona bado inaganda?" na ukimuuliza ameiweka wapi anakwambia juu ya TV. Sasa nimechoka kueleza mtu mmoja mmoja kwenye simu, naandika yote hapa mara moja, wewe uliyepanga chumba cha uani, wewe wa ghorofa ya chini Kariakoo ambaye dirisha lako linaangalia ukuta wa jirani, wewe mwenye fremu ya duka au saluni ya kontena, hii ni yako.

Nadharia kidogo tu alafu tunaingia kazini. Zamani enzi za analojia signali ikipungua ulikuwa unapata chenga, mpira unaangalia hivyo hivyo na chenga zako. Tangu analojia ilipozimwa Dar usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 chenga zimekufa, sasa hivi ni ipo au haipo, picha inakuwa safi kama kioo mpaka pale ubora unaposhuka chini kidogo tu ya kiwango, hapo inavunjika vibox, sauti inakwaruza, inaganda, kisha giza. Kwa hiyo mtu ambaye hapati kitu kabisa anaweza kuwa yuko karibu sana kupata kila kitu, anakosa shubiri moja. Na shubiri nasema kwa maana yake kabisa: mawimbi ya TV ya antena yako kati ya 470 na 694 MHz, urefu wa wimbi moja ni sentimita 43 mpaka 64 hivi, na ndani ya chumba mawimbi yanagonga ukuta, friji, kabati, yanarudi na kukutana yenyewe kwa yenyewe, sehemu nyingine yanajumlishana sehemu nyingine yanauana. Ukisogeza antena shubiri moja unaweza kutoka kwenye shimo ukaingia kwenye kilele. Ndo maana nasema sehemu kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza:

- King'amuzi cha antena, au TV yenyewe kama imeandikwa DVB-T2
- Antena yoyote uliyonayo, hata ile ya bei rahisi
- Waya wa antena mita 5 mpaka 10, ule mnene ulioandikwa RG6 ubavuni, sio kale kembamba kanakokuja na antena
- Jeki mbili za akiba, vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya vinavyochomekwa kwenye king'amuzi
- Mti wa fagio au wa deki, kamba, selotepu
- Sinia la alumini, lile lile la pilau
- Mtu mmoja wa kukaa mbele ya TV akusomee namba, mtoto wa darasa la tatu anatosha

Busta, yaani kile kikuza signali, sijaiweka kwenye orodha na sijasahau.

1. Hakikisha king'amuzi chako ni cha antena kweli

Usicheke, hii inakula watu wengi. Azam na StarTimes wote wana king'amuzi cha dishi na king'amuzi cha antena, na kwa mbali vinafanana. Cha dishi hata ukichomeka antena ya dhahabu hakitashika kitu, tundu la waya linaweza kufanana lakini ndani ni mashine nyingine. Geuza boksi usome: DVB-S2 ni dishi, DVB-T2 ni antena. Kama TV yako ni flati ya miaka ya karibuni angalia kwenye boksi lake au kwenye menyu, kama ina T2 ndani inaweza kushika chaneli zisizofungwa bila king'amuzi chochote.

2. Jua mnara uko upande gani

Huhitaji programu ya simu. Toka nje angalia mapaa ya majirani wenye antena za miti, zile za fito nyingi zimepangwa kama mifupa ya samaki. Upande wenye fito fupi ndo unaangalia mnara, upande wenye kile kipande kipana ni mgongo. Ukiona antena nne tano zimeelekea upande mmoja basi jibu umepata. Ukiona moja imeelekea kivyake usiifuate, huenda ilipigwa na upepo mwaka juzi na mwenyewe ameshahamia dishi.

Hapo hapo angalia kitu cha pili ambacho watu hawakioni kabisa: fito zimelala au zimesimama? Kama za majirani zimelala, yako nayo ilaze, kama zimesimama simamisha. Antena iliyolazwa wakati mawimbi yamesimama inapoteza sehemu kubwa ya signali, na mtu anaenda dukani kununua busta kumbe alitakiwa kuigeuza tu.

3. Kagua waya na jeki

Hapa ndo nakuta ugonjwa mara nyingi kuliko kwenye antena yenyewe. Waya wa antena una kiini cha shaba katikati, plastiki nyeupe, foili, alafu nyavu ya nyuzi nyembamba. Uzi mmoja tu wa ile nyavu ukigusa kiini umekwisha, na ni uzi mwembamba kama unywele kwa hiyo vua miwani ya jua na washa tochi.

Fungua jeki uitengeneze upya. Menya ganda la nje kama sentimita 2, rudisha nyavu yote nyuma juu ya ganda, hakikisha hakuna unywele uliobaki mbele, kata foili na plastiki nyeupe kiini kibaki uchi kama sentimita 1, sokota jeki mpaka plastiki nyeupe ifike usawa wa ndani na kiini kichomoze milimita 2 au 3 nje ya mdomo wa jeki. Kikiwa kifupi hakigusi ndani ya king'amuzi, kikiwa kirefu sana kinapinda.

Waya uliounganishwa katikati kwa kusokota na kufunga selotepu, tupa. Najua ni pesa, lakini waya wa antena sio waya wa taa, ukiusokota vile pale katikati panakuwa mlango wa kuvuja na kuingiza kelele.

4. Fungua ukurasa wa signali, na usome mstari sahihi

Kwenye menyu nenda sehemu ya kutafuta chaneli kwa mkono, utakuta mistari miwili. Mmoja umeandikwa Strength, hiyo ni nguvu, mwingine Quality, huo ni ubora. Macho yako yote yawe kwenye ubora. Nguvu inajumlisha kila takataka inayoingia kwenye waya, kelele za chaja, za taa, za busta, kwa hiyo unaweza kuwa na nguvu 90 na ubora 0 ukabaki unaangalia giza huku ukijiona una signali. Kuna mtu nilimkuta anasherehekea nguvu 95, na kwenye skrini hamna hata kivuli.

Menyu ikikuuliza namba ya chaneli ya mnara (namba ya mawimbi mnara unayorusha, sio namba ya chaneli unayobonyeza kwenye rimoti) badala ya MHz, hesabu ni hii: namba 21 ni 474 MHz, alafu kila namba inayofuata unaongeza 8, kwa hiyo 22 ni 482, 30 ni 546, inaenda mpaka 48 ambayo ni 690. Chagua moja ambayo majirani wanapata (waombe wakubonyezee kitufe cha info kwenye rimoti yao, ving'amuzi vingi vinaonyesha) ubaki hapo hapo. Usifanye kutafuta chaneli zote kila ukisogeza antena, utazeeka.

5. Tembeza antena chumba kizima

Hii ndo kazi yenyewe, haya mengine ni maandalizi. Funga antena kwenye mti wa fagio kwa selotepu, unganisha waya mrefu, mtoto akae kwenye TV asome ubora kwa sauti. Anza dirishani upande wa mnara, alafu juu, alafu pembeni, alafu mlangoni, alafu sehemu ambazo akili yako inakwambia haiwezekani. Kila sehemu simama tuli ukihesabu mpaka kumi ndo aseme namba, kwa sababu king'amuzi kinachelewa kusoma, ukitembea haraka namba unayosikia ni ya pale ulipotoka.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Chumba cha uani Sinza, paa la bati, dirisha moja, nje ya dirisha ukuta wa jirani umbali wa kunyoosha mkono. Juu ya TV ubora 18. Dirishani ambako ndo upande wa mnara 31, inaonyesha dakika moja inaganda mbili. Nikazunguka nimekata tamaa mpaka mlangoni, upande wa pili kabisa, nikapandisha fagio kwenye yale matofali ya matundu ya hewa juu ya mlango, mtoto akasema 40, 52, 64, nikamwambia rudia, 64. Mlango unaangalia uani na ng'ambo ya uani kuna ghorofa, mawimbi yalikuwa yanapita juu ya nyumba yetu yanapiga ukuta wa lile ghorofa na kurudi kwangu kwa mgongo. Antena ilikuwa ile ile ya bei rahisi na ilikaa pale miaka miwili. Kwa hiyo usiidharau sehemu kwa sababu iko kinyume na mnara, kwenye vyumba vilivyobanwa signali mara nyingi inaingia kwa mlango wa nyuma.

Vya kukwepa wakati unatembeza:

Usiishike antena kwa mkono wakati wa kusoma namba. Mwili wako nao unashiriki, ukiishika inashika, ukiiachia na kukaa kwenye kochi inapotea, na unaanza kusema nyumba ina mapepo. Iache kwenye mti, rudi nyuma hatua mbili ndo usome.

Paa la bati sahau dari, mawimbi hayapiti bati, yanaingia ubavuni kwenye madirisha na matundu. Paa la vigae hapo sawa, jaribu darini.

Usiiegemeze kwenye nondo za dirisha wala wavu wa mbu wa chuma. Kama wavu ni wa chuma jaribu kufungua dirisha uone tofauti, unaweza kushangaa. Vioo vyenye tinti ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia nayo inazuia sana.

Mbali na TV, friji, maikrowevu, na mbali na rundo la chaja kwenye ekstensheni. Mita moja ni kidogo, mbili ni afadhali.

6. Ukipata kilele, kipime kwa siku nzima kabla hujapigilia misumari

Ifunge kwa kamba kwanza. Angalia ubora kwenye kila namba ya mnara inayobeba chaneli unazotaka, sio ile moja tu uliyochagua, kwa sababu 500 MHz inaweza kuwa safi pale pale ambapo 650 ni shimo. Chagua sehemu ambayo ile chaneli dhaifu inapita, hata kama ile kali itashuka kidogo. Mara nyingi ubora wa 60 unaotulia ni bora kuliko 80 inayocheza cheza. Alafu angalia tena saa mbili usiku, taa zimewashwa nyumba nzima, watu wamerudi, mageti yamefungwa. Ikipita hapo, pigilia.

7. Sinia

Kama bado uko pale pembeni, inaganda mara moja moja, chukua sinia la alumini ulisimamishe nyuma ya antena, upande ulio mbali na mawimbi yanakotoka, umbali wa sentimita 12 hivi. Linafanya kazi kama kioo nyuma ya taa, linarudisha mawimbi mbele na kukinga kelele za nyuma. Sogeza mbele nyuma kidogo kidogo huku mtoto anasoma. Ukiligusisha na antena umeharibu, na sinia la plastiki halisaidii kitu. Mama mwenye nyumba atauliza sinia lake liko wapi siku ya shughuli, hapo mtaelewana wenyewe. Katoni iliyofunikwa foili ya jikoni inafanya kazi hiyo hiyo, ila sio nzuri kwa macho.

8. Huna antena? Tengeneza

Chukua kipande cha waya wa umeme wa shaba ile ngumu, sentimita 52, umenye, kunja duara lenye upana wa sentimita 16 au 17, acha mwanya wa sentimita 1 chini ncha zisigusane. Ncha moja unganisha kiini cha waya wa antena, nyingine unganisha nyavu. Uso wa duara uangalie mawimbi yanakotoka. Kama fito za majirani zimelala, mwanya uwe chini, kama zimesimama geuza mwanya uwe ubavuni. Basi, imeisha. Nimeona hivi viduara vikishinda antena za dukani zenye taa nyekundu na maandishi ya kilomita mia mbili.

Onyo hapa ni kubwa: kwenye menyu ya king'amuzi kuna kitu kinaitwa Antenna Power, kinapeleka umeme wa volti 5 kwenye waya. Ukitumia duara hili hakikisha kimezimwa, maana duara linaunganisha kiini na nyavu moja kwa moja, ni shoti. King'amuzi kizuri kitakupa onyo tu, kibovu unaweza kukiua. Lakini kama antena yako ina busta ndani inayotegemea umeme huo, hapo unatakiwa kukiwasha, watu wanakaa mwezi na antena iliyolala usingizi kumbe ni suala la kubonyeza mara moja.

9. Sasa ndo busta, kama bado unaihitaji

Busta haitengenezi signali, inakuza kilichopo pamoja na uchafu wake. Inasaidia kama una waya mrefu sana au unagawa TV mbili tatu (kila ukigawa mara mbili kila TV inapata chini ya nusu). Inakaa karibu na antena, kabla ya waya mrefu, sio nyuma ya TV. Na ukiwa karibu na mnara busta inaharibu, inazidiwa, chaneli zinapotea badala ya kuongezeka.

Bado inasumbua?

Mchana safi, usiku inaganda. Zima taa moja moja. Balbu za LED za bei ya kutupa na chaja feki zinatoa kelele kwenye mawimbi haya haya. Kuna nyumba mkosaji alikuwa chaja ya simu ya kitandani, TV ikawa inaganda kila mtu akienda kulala, wakamshuku fundi.

Upepo ukivuma inacheza. Kuna mti kati yako na mnara. Majani, hasa yakiwa na maji, yanakula mawimbi, na matawi yakitikisika ubora nao unatikisika. Panda juu au hamia upande mwingine, kukata mwembe wa mwenye nyumba haimo kwenye mwongozo huu.

Baada ya mvua hakuna kitu. Mvua yenyewe haina neno kwa antena, maji yameingia kwenye jeki ya nje. Fungua, kata kipande kilicholowa na kuwa kijani, tengeneza jeki upya, funga vizuri, na uache waya uning'inie kidogo kabla haujaingia ndani ili maji yadondoke pale.

Chaneli zimeonekana kwenye orodha na ubora uko juu ila skrini inasema haijalipiwa au imefungwa. Hiyo sio signali ndugu yangu, ni kifurushi.

Umehama sehemu ukapata ubora mzuri ila chaneli hazionekani. Hujatafuta upya. Sasa ndo fanya kutafuta chaneli zote, mara moja.

Uko ghorofa ya chini, umetembeza kila kona na hujavuka 20. Toa antena nje ya dirisha kwenye mti wa deki, mbao au plastiki, mita moja tu nje ya ukuta inaleta mabadiliko makubwa. Muombe mwenye nyumba kwanza, na kabla hujanyoosha mti wowote nje angalia nyaya za umeme ziko wapi, kama zipo karibu acha kabisa, hakuna mechi inayostahili hiyo. Wingu la radi likisogea chomoa waya kwenye king'amuzi.

Na wewe wa kontena, saluni au kibanda umiza cha chuma: ndani usihangaike. Umekaa ndani ya sanduku la chuma, unachoweza kupata humo ni kile kinachopita mlangoni tu, mteja akisimama mlangoni mpira umeganda. Antena iwe nje, juu kidogo ya paa, waya upite kwenye tundu lenye mpira usikatwe na ukingo wa bati. Usiupitishe chini ya mlango. Kila asubuhi na jioni mlango unaukandamiza, baada ya wiki mbili kiini kinagusana na nyavu na unarudi hatua ya 3.